Saini za Jumapili

Keza mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na kuaga kwa kwaya yenu nakujua: mtaimba, mtaomba, mtapiga picha, halafu mtaimba tena. Kwa hiyo nina alasiri nzima peke yangu. Sanduku lako liko mlangoni, limejaa hadi zipu imegoma kona moja. Mambo ya chandarua, ya kufua, ya kutolala na simu mkononi tumeshayasema mpaka ukaniambia, "Mama, basi, nimeshika." Sitayarudia hapa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea Karagwe nilipokuwa mtoto wa wakimbizi. Kinyarwanda changu cha kuandika unakijua, wewe mwenyewe ulikuwa ukikisahihisha kwa kalamu nyekundu huku unanicheka. Na huko Dar es Salaam unakokwenda kusomea uhandisi wa majengo, Kiswahili ndicho utakachoamka nacho. Lakini cha kwako hukukipata kwangu. Mimi sikukaa nyumbani vya kutosha kumfundisha mtu lugha. Ulikipata kwa Mama Zuhura, fundi cherehani, jirani yetu wa zamani kule Gikondo, ambaye leo hutaki hata kusikia jina lake. Barua hii inamhusu yeye, na sikio lako la kushoto, na mimi.

Unajua hadithi yangu, umeisikia mara nyingi kuliko ulivyopenda. Kila penye mkutano wa wazazi au wa akina mama hapa Kibagabaga, kuna mtu atakayesema, "Mwalimu Consolata atupe ushuhuda." Nami nasimama. Naeleza jinsi baba yako alivyokwenda Kampala kutafuta kazi ukiwa na miaka minne, akaipata kazi pamoja na mambo mengine, asirudi. Naeleza ghala la kahawa la Gikondo, tulivyokaa wanawake mstari mzima tukichambua buni mbovu kutoka kwenye nzima, vumbi puani, macho yakiwasha. Naeleza jinsi nilivyoficha karatasi za masomo chini ya aproni, nikawa nachambua huku nakariri, hadi wenzangu nao wakayajua masomo yangu. Miaka miwili ya jioni kumaliza sekondari niliyoiacha Tanzania, kisha minne ya chuo, jioni na Jumamosi. Leo mimi ni mwalimu. Anayeongoza mkutano anasema, "Mumuhe amashyi," na watu wanapiga makofi, wengine wanafuta machozi.

Hakuna uongo ndani ya ushuhuda huo. Ila kuna sehemu ninairuka, na kila nikiirudia hadithi ninazidi kuwa hodari wa kuiruka.

Nitaieleza sasa. Sikuwahi kumweleza mtu hadi Jumapili iliyopita.

Unakumbuka daftari la mawasiliano? Lile la kila siku, mwalimu anaandika kazi ya nyumbani na ujumbe kwa mzazi, na mzazi anatia saini jioni kuonyesha ameona. Mtoto asiye na saini alisimamishwa mbele ya darasa asubuhi. Mimi nilitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, nikatoka ghalani saa kumi na moja jioni, nikapanda mlima kwenda darasani, nikarudi saa nne wewe umelala. Daftari uliliacha wazi mezani, kando ya sahani yangu iliyofunikwa. Mara nyingine nilisaini. Mara nyingine nililala kitini na kijiko mkononi.

Ulikuwa darasa la nne, una miaka kumi. Jumapili moja ulilia, ukasema umesimamishwa mara mbili wiki hiyo na Yvan wa nyuma yako amekuita mtoto asiye na wazazi. Nilichukua kalamu, nikafungua kurasa za wiki iliyokuwa inakuja, nikasaini zote tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, zikiwa tupu. Ulirukaruka ukanikumbatia. Nilijiona mjanja kweli. Niliwasimulia wenzangu wa chuo, wale wenye watoto, tukacheka, na wawili wakaniambia wataiga.

Kuanzia hapo, kila Jumapili baada ya misa nilisaini wiki nzima. Sikugeuza kurasa za nyuma. Kwa nini nigeuze, na mbele kulikuwa kusafi?

Katika muhula wa pili Mwalimu Domitila aliandika, Jumanne moja, kwamba mtoto analalamika sikio, mzazi ampeleke kituo cha afya. Chini ya maneno hayo ilikuwepo saini yangu. Wiki iliyofuata akaandika kwamba sikio linatoa usaha na mtoto hasikii vizuri akiwa upande wa dirisha. Saini yangu ilikuwepo. Wiki ya tatu aliandika maneno machache tu: mzazi umeona, uamuzi ni wako. Na hapo pia nilikuwa nimeshasaini, kwa mwandiko mzuri, na mstari chini yake.

Ungeweza kusema sikujua. Mimi mwenyewe nilijaribu kusema hivyo kwa muda. Lakini wewe uliniandikia, Keza. Kwa vile tulikuwa hatuonani, uliniachia vikaratasi juu ya sahani: "Mama uraho," yaani hujambo, "Leo nimepata nane," na kadhalika. Usiku mmoja kilisema, "Mama, ugutwi kurandya." Sikio linaniuma. Nilikisoma nimesimama. Kisha nikafungua kitabu changu, na nilipolemewa na usingizi nikakiweka kikaratasi kile katikati ya kurasa, kunionyesha nilipoishia.

Na Mama Zuhura aliniambia. Alinikuta bombani alfajiri, najaza ndoo.

"Mama Keza, mutoto iko na sikio mubaya. Inanuka. Umupeleke kwa daktari."

"Jumamosi, Mama Zuhura."

"Jumamosi iko mbali."

"Siku nyingine sina ruhusa ghalani. Jumamosi nitampeleka."

Jumamosi hiyo nilikuwa na mtihani. Nilikuwa ninajua kwamba nina mtihani wakati ninasema. Ulikuwa mtihani wa makuzi ya mtoto, na ukitaka kunicheka hapo nicheke, maana mimi nimeshajicheka mpaka nikalia. Niliufaulu vizuri sana. Jumapili ulisema haliumi tena kama jana, nami nilitaka kuamini, nikaamini.

Mama Zuhura alifanya alichojua. Alipasha mafuta kidogo, akayapima joto mkononi mwake, akakudondoshea, akafuta kwa pamba. Alifanya hivyo kwa siku tatu. Siku ya nne ulipata homa ukaanza kuweweseka, naye akafunga cherehani yake, akakubeba mgongoni kama mtoto mchanga, wewe mwenye miaka kumi na miguu mirefu, hadi kwenye moto, pikipiki ya abiria, nayo ikawapeleka hospitali. Ujumbe ulinifikia ghalani saa nane.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliuliza kama kuna kitu kilitiwa sikioni, nikasema mara moja, kabla hajamaliza kuuliza: jirani ametia mafuta. Akatikisa kichwa. Alisema mafuta si dawa na asirudie, lakini hayakutoboa kitu. Hili ni la wiki tatu au nne, alisema, ngoma ya sikio imekwisha kwa kuchelewa. Aliyasema kwa sauti ya chini, akiniangalia mimi tu. Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kandambili zako mkononi.

Siku ya pili pale kitandani homa ilishuka, ukaanza kugeuzageuza kichwa chako. Ukaniuliza, "Mama, kwa nini huku sisikii?"

Nikakujibu, "Ni yale mafuta ya Mama Zuhura."

Ndiyo hiyo sentensi, mwanangu. Nimeibeba miaka tisa. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno lingine, hata "sijui" ingetosha. Nilimtazama mtoto wangu, nikaona atanichukia, nikampa mtu mwingine wa kumchukia.

Wewe uliirudia kwa watoto wenzako, watoto wakaipeleka kwa mama zao. Kipangu chetu kilikuwa na nyumba nne ndani ya ukuta mmoja, jambo halikuhitaji hata siku mbili. Wanawake waliokuwa wakimwachia Mama Zuhura watoto wao waliacha. Uliacha kumsalimia. Ulikuwa unapita mbele ya cherehani yake umegeuza uso, na mimi niliona, nikasema moyoni kwamba utakua utasahau.

Wiki iliyofuata Mwalimu Domitila aliniita. Aliweka daftari mezani, akanionyesha kurasa tatu. "Mzazi, niliandika mara tatu. Ulisaini mara tatu." Nikaanza kusema kwamba sikuona, kwamba nina kazi, kwamba nasoma jioni. Akageuza ukurasa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zimeshatiwa saini. Aliziangalia, akafunga daftari, akanirudishia. Afadhali angenitukana. Nilikununulia daftari jipya nikakuambia la zamani limepotea. Halikupotea. Liko ndani ya bahasha hii, pamoja na kile kikaratasi chako.

Nilimaliza chuo ukiwa na miaka kumi na miwili. Picha iko sebuleni, mimi na joho, wewe na gauni la njano. Wageni husema umependeza jinsi ulivyoinamisha kichwa kwa madaha. Ulikuwa umegeuza sikio zima kwa mpiga picha ili usikie anachosema.

Mtu akisoma hadi hapa atadhani najuta kusoma. Hapana, na nisingependa udhani hivyo hata siku moja. Nisingesoma, tungekuwa bado mimi na wewe na vumbi la kahawa, na wewe kesho usingepanda ndege. Elimu ilitutoa. Ninachojuta ni kwamba nilisoma kama mwizi. Chuoni sikumwambia mwalimu yeyote kwamba mtoto wangu anaumwa. Nilikuwa najivunia kwamba Consolata haombi ruhusa, Consolata hachelewi, Consolata hana visingizio. Mwaka uliofuata mwenzetu mmoja, mwanamume, alikosa mtihani kwa sababu gari lake liliharibika Rwamagana. Alimwandikia mwalimu nusu ukurasa, akapewa mtihani mwingine baada ya wiki mbili. Nilimwuliza aliandika nini. Akashangaa. "Niliandika kwamba gari limekufa, basi." Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka kipindi kikaisha.

Ilikuwa ni kuomba tu. Nilidhani nikiomba, watasema mwanamke mwenye mtoto hawezi.

Na wewe umenirithi hapo. Nakuona. Mtu akikaa kushoto kwako akaongea, unatabasamu na kutikisa kichwa, hujasikia hata neno. Kwenye kwaya unasimama mwisho wa mstari, wenzako wote wawe kuliani kwako, na nadhani hata kiongozi wenu hajui sababu. Huwaambii watu. Ulijifunza kwa nani kuficha unachohitaji, kama si kwangu? Mambo hayo huko chuoni utayaamua mwenyewe, wewe ni mtu mzima. Nataka tu ujue yalikoanzia.

Utauliza kwa nini leo, baada ya miaka yote hii. Muhula huu nina mtoto darasani, mtaratibu, mama yake anafanya usafi hotelini kwa zamu. Jumanne moja ya mwezi uliopita nilikuwa nakagua madaftari, na la kwake likafunguka kwenye Alhamisi. Alhamisi ilikuwa imeshasainiwa. Nilipiga simu. Yule mama alianza kuomba msamaha kabla sijasema kitu: "Mwalimu, disi, unisamehe, zamu zimeniua." Nilitakiwa kumkemea, ndiyo kazi yangu. Nikamwuliza tu anatoka kazini saa ngapi, na tangu siku hiyo nikiwa na neno zito simwandikii, ninampigia. Lakini jioni ile sikula. Uliniuliza kama nina malaria.

Nilianza kukuandikia mara tatu. Nilichana. Kila mara nilikuwa najitetea.

Jumapili iliyopita niliposema nakwenda kwenye kikao cha kanisa, nilikwenda Busanza. Mama Zuhura alihamia huko, kwenye yale majengo ya ghorofa, miaka mitano sasa. Binti yake Zuhura alipoolewa alituletea kadi mwenyewe, na unakumbuka ulichosema: "Mama, mimi sitaenda kula chakula cha mtu aliyeniharibu sikio." Nilikujibu, "Sawa, usije." Nilikwenda peke yangu, nikakaa mstari wa nyuma.

Nilimkuta kibarazani na cherehani ile ile. Macho yamepungua, sindano anatungiwa na mjukuu. Alifurahi kuniona, akataka kuweka chai. Nikamwambia asiweke kwanza. Nikamwambia yote, daftari, saini, maneno ya daktari, jibu nililokupa kitandani. Nililia sana, sikuweza kujizuia. Yeye aliendelea kukunja kitambaa alichokuwa akishona, hadi nikamaliza.

"Mama Keza," akasema, "mimi nilijua."

Nikamwuliza alijua nini.

"Nilikuwa ku mulango. Dokta alisema ni kuchelewa. Masikio yangu iko muzima."

"Sasa kwa nini hukusema? Watu walikusema vibaya kipangu kizima. Kwa nini ulinyamaza?"

Akafikiri. "Wewe ungeacha shule. Nilikuona vile ulikuwa. Kama watu wanasema ni wewe, kama mutoto anasema ni wewe, kesho yake ungetupa vitabu. Na mutoto iko na mama mumoja tu. Mimi nilisema, yewe, acha wabebeshe mafuta yangu, mafuta haina roho." Kisha sauti yake ikabadilika. "Lakini kuninyima salamu, Keza... Huyo nilimupa uji kila asubuhi. Nilizani ni ya mwezi moja, mbili. Sikujua itafika miaka tisa."

Wakati natoa ushuhuda wangu, nawashukuru Mungu, wazazi wangu, na wenzangu wa ghalani. Jina la mwanamke aliyenisomesha kwa kukubali kuitwa mbaya sijawahi kulitaja mbele ya watu.

Mpango wangu ulikuwa kuitia bahasha hii ndani ya sanduku, chini ya mashuka, uikute Dar es Salaam mimi nikiwa mbali, nawe usiweze kunitazama. Nimeitoa. Nimeona kwamba hiyo ingekuwa tena kumaliza jambo langu bila kuwepo. Nitakupa mkononi leo hii ukirudi, kabla ya chakula. Nitakaa sebuleni. Ukitaka kupiga kelele, piga. Ukitaka kunyamaza hadi kesho, nyamaza. Sikuombi unisamehe leo, wala sikupi muda wa mwisho. Ninakuomba tu uache kumchukia asiyehusika, na hasira hiyo uilete inapostahili, ina mwenyewe.

Ndege yako ni saa kumi kesho. Busanza ni karibu sana na uwanja wa ndege, ukitoka hapa saa sita muda unakutosha. Nimemwambia dereva awe tayari mapema, ila sikumwambia kwa nini, ili usije ukasukumwa na mtu. Ukitaka niende nawe nitakwenda. Ukitaka kwenda peke yako nitatangulia uwanjani, na hata ukiwa hutaki kuniona nitakuwepo, nitasimama nyuma ya watu.

Mama Zuhura hakunituma. Nilipomwuliza kama ana neno la kukuletea, alikataa, akasema mambo hayo hayatumwi. Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi aliponiita.

"Mama Keza. Na ile ingine, ya kuume, bado inasikia muzuri?"

Nikamwambia inasikia vizuri sana.

"Basi," akasema, "akuje, nitamusemesha na hiyo."

Mama yako,
Consolata